Kutoka Daftari hadi Simu: Historia ya Kuuliza Watu Baada ya Vita katika Nchi za Maziwa Makuu

Utangulizi

Vita vinapokoma, kila mtu hutaka kujenga upya: barabara, shule, masoko na mashamba. Lakini kabla ya kutia jembe ardhini, wenye kupanga ujenzi hukabiliwa na maswali ambayo wakati wa amani yalikuwa mepesi. Ni watu wangapi waliobaki? Wanaishi wapi? Wanapata chakula kwa njia gani? Nani amerudi kwenye shamba lake, na nani amelikuta lina mwenyewe mwingine? Maofisi yaliyohifadhi majibu yamechomwa moto, makarani waliokuwa wakiyaandika wamekufa au wamekimbia, na vijiji vyenyewe vimehama.

Kutafuta majibu hayo ni kazi ya elimujamii ikisaidiana na takwimu na uchumi. Katika muda wa miaka thelathini hivi, kazi hiyo imetoka kwenye daftari na penseli, ikaingia katika kompyuta, simu za mkononi na picha zinazopigwa na satelaiti. Katika insha hii twakusudia kueleza historia ya mabadiliko hayo kama yalivyotokea Rwanda, Uganda Kaskazini na Kongo. Tumezichagua nchi hizi kwa sababu zimeonja vita na zimeonja pia utafiti wa baada ya vita. Na tena kwa sababu Kiswahili kimo katika zote, kwa viwango mbalimbali. Katika Mashariki ya Kongo, Kiswahili ndiyo lugha ambayo mtafiti hana budi kuulizia.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya kompyuta na takwimu yana nini katika jarida la walimu wa lugha? Jibu letu ni hili. Chombo chochote cha utafiti, kiwe daftari au simu, huanza na swali, na swali ni maneno. Vyombo vipya vimeongeza kasi sana. Hata hivyo, thamani ya jibu, na pengine uhai wa aliyelitoa, bado vyategemea mambo matatu ya tangu zamani: swali limeulizwaje, nani hakuulizwa, na jibu limewekwa mikononi mwa nani.

Mwanzo wa Mashine

Mashine za kuhesabia watu zilitangulia kompyuta. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890 zilitumiwa mashine za Herman Hollerith. Majibu ya kila mtu yalitobolewa matundu katika kadi, na mashine ikayahesabu matundu hayo kwa nguvu ya umeme. Tangu hapo mtu aliweza kugeuzwa kadi, na kadi elfu nyingi zikapangwa kwa muda mfupi kwa kufuata umri, kazi au mahali pa kuzaliwa.

Desturi ya kwenda na hojaji mahali ambapo moshi wa vita haujatulia nayo haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1945 Marekani ilipeleka Ujerumani kundi kubwa la wachunguzi kupima matokeo ya mabomu yaliyoangushwa na ndege. Sehemu ya uchumi iliongozwa na John Kenneth Galbraith. Sehemu iliyochunguza hali ya mioyo ya raia iliongozwa na Rensis Likert, ambaye jina lake limebaki hadi leo katika zile hojaji zenye majibu ya ngazi, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Wachunguzi wa uchumi walikuta jambo lisilowafurahisha waliowatuma: utengenezaji wa silaha za Ujerumani uliendelea kupanda hadi mwaka 1944, ijapokuwa miji ilikuwa ikibomolewa. Hapo likathibitika jambo muhimu, kwamba kuhesabu na kuuliza baada ya vita kunaweza kukanusha hata yale ambayo mshindi ameyasadiki.

Rwanda: Neno Moja katika Kadi

Katika nchi za Maziwa Makuu, habari za orodha za watu zina uchungu wake. Mnamo miaka ya 1933 na 1934 utawala wa Ubelgiji uliwahesabu watu wa Rwanda na kuwagawia vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo majina hayo yalikuwapo, lakini mipaka yake haikuwa migumu kiasi hicho. Baada ya kuandikwa, neno hilo likarithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake, likapita mikononi mwa serikali moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka sitini.

Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mtu aliyeandikwa Mtutsi aliuawa papo hapo. Watu zaidi ya 800,000 waliangamia katika siku mia moja hivi. Hapakuwa na kompyuta katika jambo hilo. Karatasi na wino vilitosha. Basi yeyote anayesifu urahisi wa kuhifadhi habari za watu katika mashine, na akumbuke kwanza kadi hii. Karani aliyeandika neno lile mwaka 1934 huenda aliona anatimiza tu kazi ya ofisi.

Baada ya 1994 kabila liliondolewa katika vitambulisho, na sensa zilizofuata hazikuliuliza. Sensa ya mwaka 1991 ilikuwa imepata watu wapatao milioni 7.1. Ile ya 2002 ilipata milioni 8.1, kwa kuwa wakimbizi wengi walikuwa wamerejea, wakiwamo waliozaliwa nje. Hesabu ya jumla, hata hivyo, haikuonyesha jinsi nchi ilivyogeuka. Takriban theluthi moja ya kaya zilikuwa mikononi mwa wanawake, wengi wao wajane. Serikali iliyotaka kufufua kilimo ilikuwa lazima ijue kwamba mkulima wake ni mama huyo aliyebaki peke yake.

Ndipo ulipoanzishwa uchunguzi wa hali ya maisha ya kaya, wa kwanza ukifanywa mwaka 2000 hadi 2001. Wadodosi walizirudia nyumba zilezile mara kadhaa, wakaandika kilicholiwa, kilichonunuliwa na kilichotoka shambani. Kutokana na uchunguzi huo na wale uliofuata, serikali ilitangaza kwamba umaskini ulishuka kutoka asilimia 59 hivi hadi asilimia 39 katika uchunguzi wa mwaka 2013 hadi 2014. Hapo ukazuka mjadala mkali. Baadhi ya wataalamu wa nje walisema kwamba kapu la vyakula lililotumika kuweka mstari wa umaskini lilikuwa limebadilishwa, na kwamba kwa kapu la zamani umaskini ungeonekana kupanda. Ofisi ya takwimu ya Rwanda ikatetea hesabu yake. Yatupasa kuona kiini cha mgogoro huu kilikuwa wapi. Kompyuta za pande zote mbili zilijumlisha sawasawa. Waliyokosana ni maana ya neno "maskini": ni mtu asiyeweza kununua kapu lipi?

Uganda Kaskazini: Kuuliza Walio Mbali

Huko Uganda Kaskazini vita vya waasi wa Joseph Kony viliwafanya watu wapatao milioni 1.8 waishi makambini wakati hali ilipokuwa mbaya kabisa. Maelfu ya vijana walitekwa nyara. Agosti 2006 yalitiwa sahihi makubaliano ya kusimamisha mapigano, na watu wakaanza kurudi walikotoka. Swali likawa: kijana aliyetekwa akiwa na miaka kumi na mitatu, akarudi ana kumi na sita, atajitegemeaje?

Mtafiti mvivu angeingia kambini na kuwauliza vijana aliowakuta. Lakini waliokufa hawamo, waliohamia mijini hawamo, na ambao hawakurudi kutoka msituni hawamo. Anayewauliza waliopo tu hupata picha ya waliosalimika. Christopher Blattman na Jeannie Annan, waliofanya uchunguzi wao mwaka 2005 na 2006, walitafuta njia nyingine. Walichukua kaya 1,100 kutoka katika orodha za mgawo wa chakula, wakawaomba wakubwa wa kaya wawataje wote waliokuwa wakiishi nao mwaka 1996. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa wa uchaguzi wa rais, na kwa hiyo watu waliukumbuka; tena utekaji mwingi wa vijana ulitokea baada yake. Kisha wakawatafuta vijana waliotajwa popote walipokuwa nchini, wakawahoji wanaume vijana 741.

Matokeo yake yalibadilisha fikira za wengi. Ilidhaniwa kuwa hasara kubwa ya kutekwa ni kuharibika akili. Utafiti ulionyesha kwamba waliosumbuka sana moyoni walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa. Hasara iliyoenea kwa wengi ilikuwa ya masomo na riziki: aliyetekwa alikosa karibu mwaka mzima wa shule, na mapato yake yalipungua kwa theluthi moja hivi. Hivyo msaada uliohitajika zaidi ulikuwa wa elimu, ufundi na mtaji.

Serikali ya Uganda ilikuwa na mpango wa kuwapa vijana wa kaskazini mtaji kwa vikundi. Vikundi 535 vilistahili, fedha zikatosha 265 tu. Waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, na fedha zikatolewa mwaka 2008. Kila mwanakikundi alipata kama dola 382. Kwa kuwa kura ndiyo iliyochagua, watafiti waliweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa bila kuhofu kwamba waliopata walikuwa hodari zaidi tangu mwanzo. Baada ya miaka minne, mapato ya waliopewa yalikuwa yamezidi ya wenzao kwa asilimia 38. Lakini watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa, wakakuta wale waliokosa wamewafikia katika mapato. Fedha ile iliwaharakisha wenzao, haikuwaacha mbali daima. Laiti wangeishia mwaka wa nne, hadithi yetu ingekuwa tamu zaidi na ya kweli kidogo.

Katika eneo hilohilo kilizaliwa chombo kinachotumika leo duniani kote. Phuong Pham na Patrick Vinck, waliowahoji watu 2,585 wa Uganda Kaskazini mwaka 2005 juu ya amani na haki, na watu 2,620 wa Mashariki ya Kongo mwaka 2007, ndio waanzilishi wa programu ya kukusanyia majibu kwa simu na kompyuta ndogo. Waliiita Kobo. Neno hilo ni la Kiacholi, na maana yake ni kuhamisha. Walimu wa lugha twafurahi kuona kwamba chombo cha kisasa hakikulazimika kutafuta jina Ulaya.

Faida ya chombo kama hicho ni rahisi kuieleza. Mdodosi mwenye karatasi anaweza kuandika kwamba mtoto ana miaka 130, na kosa lisionekane mpaka miezi baadaye mjini. Kishikwambi, yaani ile kompyuta bapa ya mkononi, hukataa papo hapo. Humfanya mdodosi aruke maswali yasiyomhusu mhojiwa, huandika saa na mahali pa mahojiano, na hupeleka majibu ofisini jioni ileile. Ndiyo sababu sensa ya Kenya ya 2019, za Tanzania na Rwanda za Agosti 2022, na ya Uganda ya Mei 2024 zilifanywa kwa vyombo hivyo.

Kongo: Nchi Isiyohesabiwa

Kongo ilifanya sensa mwaka 1984, na kwa zaidi ya miaka 35 haikufuatwa na nyingine. Vita vikubwa vilipozuka mwaka 1996 na tena 1998, hapakuwa na hesabu ya karibu ya kulinganishia. Shirika la International Rescue Committee lilifanya chunguzi tano za vifo kati ya mwaka 2000 na 2007, kwa kuchagua kaya na kuuliza nani amefariki na lini. Ya mwisho ilikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kupita kiasi cha kawaida kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, wengi kwa magonjwa na njaa. Mwaka 2010 watafiti wengine walio Kanada waliipinga hesabu hiyo. Hoja yao ilihusu maneno "kiasi cha kawaida": je, kabla ya vita Wakongo walikuwa wakifa kwa kiasi gani? Ukianzia na kiasi kidogo, vita huonekana kuua wengi. Ukianzia na kikubwa, huonekana kuua wachache. Kwa kuwa sensa haikuwapo, mamilioni ya marehemu yalining'inia kwenye namba moja ya kukisia.

Penye pengo kama hilo ndipo simu ilipoingia. Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, kikundi cha Wakenya na marafiki zao, akiwamo Ory Okolloh, kiliunda programu iliyopokea habari za ghasia kutoka kwa yeyote mwenye simu na kuzionyesha katika ramani. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi, na mwaka huohuo ikajaribiwa Kongo. Njia hiyo ina nguvu yake, lakini ina shaka yake pia: anayejiletea habari ni nani, na asiyeleta ni nani? Mwenye simu, mwenye chaji na mwenye ujasiri ndiye anayesikika.

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, Peter van der Windt na Macartan Humphreys walijaribu njia tofauti huko Kivu ya Kusini. Mpango wao uliitwa kwa Kifaransa Voix des Kivus, yaani Sauti za Kivu. Hawakungoja habari zije zenyewe. Walichagua vijiji, vikafikia 18, na katika kila kijiji simu zikakabidhiwa watu watatu: mmoja kutoka uongozi wa jadi, mmoja kutoka vikundi vya akina mama, na wa tatu aliyechaguliwa na wanakijiji. Walipewa karatasi ya namba za siri za kutajia matukio: kupita kwa wenye silaha, uporaji wa mazao, mafuriko, mradi wa maendeleo kufika au kukwama. Aliyetaka kueleza zaidi aliandika kwa maneno yake mwenyewe.

Hekima ya mpango huu ilikuwa katika hao watu watatu. Chifu ataandika juu ya mipaka ya ardhi. Mama ataandika juu ya njia ya sokoni isiyopitika kwa sababu ya wanyang'anyi. Uchumi wa kijiji umo katika habari zote mbili. Lakini hapohapo penye hekima palikuwa na hatari. Mtu anayetuma habari za wenye silaha kwa simu akijulikana, maisha yake yamo mashakani. Kwa hiyo habari ziligawanywa kwa kadiri ya ukali wake, na si kila msomaji alipewa zote. Twarudi tena kwenye swali la kitambulisho cha Rwanda: jibu limewekwa mikononi mwa nani?

Baadaye wataalamu walijaribu kuzihesabu sehemu za Kongo kutoka angani. Mwaka 2017 na 2018, katika mikoa mitano ya magharibi ikiwamo Kinshasa, watu walihesabiwa katika maeneo machache yaliyochaguliwa. Kisha kompyuta ikatumia picha za satelaiti, zinazoonyesha mapaa ya nyumba, kukadiria wakazi wa mahali pasipofikiwa. Paa huonekana kutoka angani. Kama chini yake wamo watu tisa waliokimbia vita au hamna mtu, hilo halionekani mpaka mtu aende akabishe hodi.

Simu Inapojibu kwa Niaba ya Mwenyewe

Mwaka 2015 ulitolewa utafiti mwingine uliofanyika Rwanda, nao ulisogeza mpaka mbali zaidi. Joshua Blumenstock na wenzake walipata kumbukumbu za wateja wapatao milioni 1.5 wa simu za mkononi, bila majina: nani alimpigia nani, lini, kwa muda gani na kupitia mnara upi. Maneno yaliyosemwa hayakuwamo. Wakawapigia wateja 856 waliokubali kuulizwa juu ya nyumba zao na mali zao. Kisha kompyuta ikafunzwa kuoanisha namna mtu anavyotumia simu na utajiri aliousema, halafu ikakadiria hali ya wale wengine wote. Makadirio yalipolinganishwa na uchunguzi wa nchi nzima, yalikubaliana vizuri kwa ngazi ya wilaya.

Faida yake ni kubwa kwa nchi isiyo na fedha za kutuma wadodosi kila mwaka. Lakini yatupasa kuuliza nani hakuwamo. Uchunguzi mwingine wa Blumenstock, aliouandika pamoja na Nathan Eagle mwaka 2010, ulionyesha kwamba wenye simu Rwanda wakati ule walikuwa zaidi wanaume, waliosoma na wenye hali nafuu. Yule mjane tuliyemkuta katika sensa ya 2002 aliazima simu ya jirani, au hakuwa nayo kabisa. Kwa kompyuta, jirani yake ndiye aliyepiga. Tena kuna jambo la adabu: kati ya watu milioni moja na nusu, walioulizwa kama wako radhi ni 856.

Neno la Swali

Sasa tufikie lile linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja. Hojaji nyingi hutungwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha hutiwa katika Kiswahili kwa haraka usiku wa kuamkia kazi. Tuone mifano minne.

Wa kwanza ni neno "kaya". Watu wa takwimu wa Tanzania wanalo kwa maana ya watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makao ya mababu katika msitu mtakatifu. Mashariki ya Kongo wengi hawalitumii. Watasema "jamaa" kwa maana ya familia. Hata kikundi cha kidini kilichotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels huko Katanga kilijiita Jamaa kwa maana hiyo. Pwani, jamaa ni ndugu wa karibu na wa mbali, au hata mtu yeyote. Basi ukiuliza "Katika jamaa mko wangapi?" utapata tano mahali pamoja na hamsini mahali pengine, na kishikwambi kitazipokea zote mbili.

Wa pili ni neno "kazi". Mwulize mama anayelima tangu alfajiri, "Una kazi?" Atajibu, "Sina kazi, nalima tu." Kwake kazi ni ya mshahara. Ndiyo sababu hojaji nzuri huuliza kwa vitendo: katika siku saba zilizopita, je, ulilima, uliuza, ulibeba mizigo, japo kwa saa moja? Hata wataalamu wamegeuka juu ya neno hili. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliamua kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani asihesabiwe miongoni mwa wenye ajira, bali awe na kundi lake. Mama hakubadilisha jembe lake wala shamba lake, lakini katika majedwali amehamishwa.

Wa tatu ni saa. Kishikwambi huandika 7:00. Mswahili husema saa moja. Mdodosi asiyeangalia ataandika kwamba soko hufunguliwa saa saba usiku.

Wa nne ni vipimo. Mkulima huvuna kwa gunia na debe, huuza kwa kopo na fungu. Fungu la mihogo la Bukavu halilingani na la Kigoma, na hata la asubuhi si lile la jioni. Mtafiti mwangalifu huenda sokoni na mizani kwanza, akapima, ndipo aulize.

Hitimisho

Tumeona kadi iliyoandikwa 1934 ikiua mwaka 1994. Tumeona kumbukumbu ya mwaka mmoja wa uchaguzi ikiwasaidia watafiti kuwatafuta vijana waliotawanyika, na watu watatu wenye simu wakisema yale ambayo ofisi ya mbali isingeyajua. Hatusemi vyombo hivi vikataliwe. Nchi isiyojua watu wake hugawa mbegu mahali pasipo na mashamba, na kujenga shule mahali pasipo na watoto. Twasema kwamba anayeuliza awe tayari naye kuulizwa.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili katika jambo hili ipo, tena ni ya haraka. Hojaji inapoletwa wilayani, mwalimu aombe kuiona. Ahakikishe imetafsiriwa na mtu mmoja na kurudishwa katika lugha ya asili na mwingine asiyeiona ya kwanza. Panapotofautiana ndipo penye kosa. Asione haya kutetea neno la mahali, hata kama silo la kamusi, endapo ndilo litakaloeleweka na aulizwaye. Darasani, wanafunzi wapewe swali kama "Una kazi?" wakawaulize watu watano mtaani, kisha walete majibu na kuyajadili, watajifunza sarufi, maana na uraia kwa pamoja.

Na matokeo yarudi kwa wenyewe. Tafiti tulizozitaja zimechapishwa zaidi katika Kiingereza, katika majarida ambayo mkulima wa Kitgum au wa Walungu hatayaona maisha yake yote. Alitoa saa mbili za kazi yake na habari za marehemu wake. Kuandika kurasa mbili za Kiswahili fasaha zinazomweleza kilichopatikana kutokana na maneno yake ni deni ambalo sisi, tuliofunzwa lugha, twaweza kusaidia kulilipa.